Mashine ya kupima sukari nyumbani: faida zake, hasara zake, na nani anayeihitaji

Watu wengi wenye ugonjwa wa kisukari hujiuliza kama wanunue mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani. Kwa familia inayoishi kambini au vilimani swali hilo si dogo. Pesa inayonunua mashine ndiyo hiyohiyo inayonunua maharage, sabuni na madaftari ya watoto.

Makala hii ni kwa ajili ya wakaaji wa Gashoho na sehemu nyingine za Muyinga: wakimbizi kutoka Kongo walioko kambi ya Kinama, Gasorwe, Warundi waliorudi kutoka kambi za Tanzania, na wenyeji wanaotumia vituo vya afya vilevile.

Jibu kwa ufupi

Mashine humsaidia sana mtu anayejidunga insulini, mama mjamzito mwenye kisukari, na mtu anayekunywa vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama glibenklamidi. Kwa mtu anayekunywa metformini peke yake, au anayedhibiti sukari kwa chakula tu, faida yake ni ndogo. Namba inayotokea kwenye mashine ina maana pale tu unapojua la kufanya baada ya kuiona.

Mashine inafanya kazi vipi

Unatoboa ncha ya kidole kwa sindano ndogo, unagusisha tone la damu kwenye kipande cha kupimia (wengine hukiita stripi), na baada ya sekunde chache namba inatokea. Kipande kina kemikali inayokutana na sukari ya damu na kutoa umeme kidogo sana. Mashine husoma umeme huo. Kila kipande hutumika mara moja tu.

Namba hiyo ni ya dakika ile. Haisemi sukari yako ilikuwaje wiki iliyopita. Ili kujua wastani wa miezi miwili au mitatu, kuna kipimo kingine cha damu kinachofanywa kwenye maabara zenye vifaa vyake.

Faida

- *Inagundua sukari iliyoshuka.* Kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka, lakini zinafanana na za malaria au uchovu. Mashine hutenganisha mambo hayo mara moja, hata usiku wakati kituo cha afya kiko mbali.
- *Inasaidia kupanga dozi ya insulini.* Ukiandika namba zako kwenye daftari, muuguzi au daktari anaona ni saa ngapi sukari hupanda na anaweza kubadilisha dozi kwa uhakika.
- *Inaonyesha chakula kinakufanyia nini.* Ukipima kabla ya kula na saa mbili baadaye, utaona tofauti kati ya sahani kubwa ya bugali na sahani ndogo yenye maharage na mboga nyingi.
- *Inasaidia siku za ugonjwa.* Malaria, kuhara au kidonda chenye usaha vinaweza kuvuruga sukari ndani ya saa chache. Malaria kali yenyewe inaweza kushusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito.

Hasara

- *Gharama iko kwenye vipande.* Mashine hununuliwa mara moja, lakini vipande havina mwisho. Boksi la vipande 50 linamtosha siku 50 mtu anayepima mara moja kwa siku. Anayepima mara nne kwa siku litamwishia kabla ya wiki mbili. Tena, vipande vya mashine moja kwa kawaida havifanyi kazi kwenye mashine ya aina nyingine.
- *Vipande vinaweza kukosekana.* Vinatoka nje ya nchi, na uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta ulioikumba Burundi miaka ya karibuni umefanya bidhaa nyingi za kutoka nje ziwe adimu. Mashine isiyo na vipande haina kazi.
- *Namba si kamili.* Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 na maabara pale sukari inapofika 100 mg/dL au zaidi. Kama sukari yako ni 200, mashine nzuri inaweza kuonyesha 170 au 230. Kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, mashine nyingi huonyesha namba ya juu kuliko ukweli.
- *Inaweza kumdanganya mtu aache dawa.* Hili ndilo hatari kuliko yote. Mtu anaona namba nzuri siku tatu, anasema amepona, anaacha insulini au anahamia kwenye miti shamba peke yake. Namba nzuri inaonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Haionyeshi kwamba ugonjwa umekwisha.
- *Inaweza kueneza magonjwa.* Sindano ya kutobolea kidole ikitumiwa na watu wawili inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C au virusi vya Ukimwi. Usiazime sindano hata kwa ndugu wa damu. Kalamu ya kutobolea nayo ni ya mtu mmoja, hata ukibadilisha sindano.

Je, kupima kila siku kunamsaidia kila mgonjwa?

Hapana. Huko North Carolina, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu 450 wenye kisukari cha aina ya pili wasiotumia insulini. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wakipima kila siku hawakuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri kuliko wale wasiopima. Sababu inaeleweka: metformini yenyewe ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na dozi yake haibadilishwi kila siku kwa kufuata namba. Kama wewe ni wa kundi hili, nauli ya kwenda kliniki kila unapopangiwa, viatu vinavyofunika miguu na dawa zisizokatika vitakulinda zaidi kuliko mashine.

Angalia kwanza kipimo cha mashine yako

Mashine hazisemi lugha moja. Nyingi zinazotoka Tanzania, Kenya au Uganda huonyesha mmol/L. Burundi na Kongo hutumika zaidi mg/dL, au gramu kwa lita (g/L). Kwa waliorudi kutoka Nyarugusu au Nduta na mashine zao, jambo hili ni la usalama: 20 kwenye mashine ya mmol/L ni sukari iliyopanda sana, lakini 20 kwenye mashine ya mg/dL ni sukari iliyoshuka hadi kuhatarisha uhai.

Ili kubadilisha mmol/L kuwa mg/dL, zidisha kwa 18. Namba muhimu ni hizi:

- 3.9 mmol/L = 70 mg/dL = 0.70 g/L
- 7.0 mmol/L = 126 mg/dL = 1.26 g/L
- 10.0 mmol/L = 180 mg/dL = 1.80 g/L
- 11.1 mmol/L = 200 mg/dL = 2.00 g/L
- 16.7 mmol/L = 300 mg/dL = 3.00 g/L

Unapomtajia muuguzi namba yako, taja na kipimo chake. Andika kipimo hicho kwenye jalada la daftari lako.

Namba zinamaanisha nini

*Chini ya 70 mg/dL:* sukari imeshuka. Kunywa mara moja vijiko vidogo vitatu vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula. Kama huna mashine na una dalili, usingoje kipimo, kunywa sukari. Mtu aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni kwenye kituo cha afya au hospitali.

*80 hadi 130 kabla ya kula, na chini ya 180 saa mbili baada ya kula:* hili ndilo lengo kwa watu wazima wengi wenye kisukari. Wazee na watoto wanaweza kupewa lengo tofauti. Mjamzito huhitaji namba za chini zaidi, kwa kawaida chini ya 95 kabla ya kula.

*Zaidi ya 300:* pima tena baada ya kunawa mikono. Kama namba ni ileile na unatapika, unapumua kwa kasi na kwa kina, tumbo linauma au unasinzia ovyo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kama hujawahi kuambiwa una kisukari na mashine ya jirani imeonyesha 126 au zaidi kabla ya kula, usianze dawa. Nenda kituo cha afya upimwe tena. Na usipimwe kwa sindano ya jirani.

Namna ya kupima sawasawa

1. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Utomvu wa ndizi mbivu au embe kidoleni unatosha kuipandisha namba.
2. Angalia tarehe ya mwisho ya vipande. Viache ndani ya kopo lake lililofungwa vizuri, mbali na jua, jiko na bati la paa. Usiviweke kwenye friji.
3. Tumia sindano mpya. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambapo maumivu ni kidogo, na ubadilishe kidole kila siku.
4. Andika namba, tarehe, saa, na kama ni kabla au baada ya kula.
5. Tia sindano iliyotumika kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Ikijaa, ipeleke kituo cha afya. Usiitupe jalalani, watoto huokota.

Wakati wa Ramadhani

Waislamu wenye kisukari wazungumze na mhudumu wa afya wiki kadhaa kabla ya mwezi kuanza, kwa sababu kwa baadhi yao kufunga ni hatari. Wanazuoni wengi wanaona kwamba kutoboa kidole ili kupima sukari hakuvunji saumu. Sukari ikishuka chini ya 70 au ikipanda kupita 300, madaktari wanashauri kufungua papo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

Kabla ya kutoa pesa, uliza haya

- Je, natumia insulini au dawa inayoweza kushusha sukari? Kama hujui, peleka pakiti za dawa zako kituo cha afya uulize.
- Vipande vya mashine hii vinapatikana Muyinga au Ngozi, na naweza kuvinunua miezi sita mfululizo?
- Muuguzi ameniandikia nifanye nini namba ikiwa chini, na nifanye nini ikiwa juu?
- Ni nani nyumbani anayeweza kuisoma mashine nikiwa sijiwezi?

Ukipata jibu kwa maswali yote manne, mashine itakufaa. Jibu likikosekana hata kwa moja, zungumza kwanza na kituo cha afya cha kambi, kituo cha kilimani kwako au hospitali ya Gashoho, na uulize kama unaweza kupimwa hapo siku ya kliniki. Na ukiwa na mashine, bado hudhuria kliniki: macho, figo, miguu na shinikizo la damu haviangaliwi kwa tone la damu ya kidole.

*Makala hii inatoa maelezo ya jumla. Usibadilishe dozi ya dawa bila kuzungumza na mhudumu wa afya.*