Mabingwa wa Mwaka wa Kwanza: Historia Fupi ya Klabu ya Ipswich Town

Mji wa Ipswich, ulio kando ya mto Orwell katika jimbo la Suffolk, upande wa mashariki ya Uingereza, haukuwa na jina kubwa katika mambo ya kabumbu kabla ya mwaka 1962. Ufalme wa mchezo huo ulikuwa umekaa zamani nyingi katika miji ya viwanda ya kaskazini na ya kati, penye pamba, chuma na makaa ya mawe, na sehemu yake nyingine London. Ipswich ulikuwa mji wa soko la wakulima, bandari ya kiasi, viwanda vya plau na bia, na wakazi waliopita laki moja kwa idadi ndogo tu. Kwamba klabu ya mji wa namna hiyo iliingia Daraja la Kwanza kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na katika msimu ule ule ikatwaa ubingwa wa nchi, ni jambo linalowatia ajabu hata leo wanaolikuta katika majedwali. Maana tangu Preston North End, waliotwaa ligi ya kwanza kabisa ya mwaka 1888-89, wakati kila klabu ilikuwa ngeni, hapana mwingine aliyepata kulifanya.

Klabu iliasisiwa mwaka 1878, ikaungana na klabu ya raga mwaka 1888 na kuitwa Ipswich Town, na kwa karibu miaka sitini ikaendeshwa na waungwana waliocheza kwa ridhaa, pasipo ujira. Aliyeigeuza mwendo alikuwa Kapteni John Murray Cobbold, wa ukoo wa wenye viwanda vya bia, ambaye kwa hima yake klabu ilianza kuajiri wachezaji mwaka 1936, ikatwaa Ligi ya Kusini katika msimu wake wa kwanza, na mwaka 1938 ikapigiwa kura na kupokewa katika Daraja la Tatu Kusini la Ligi kuu ya nchi. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuyaona matunda. Mwezi wa Juni 1944 aliuawa pamoja na wengi wengine katika kanisa la askari jijini London, walipokuwa katika ibada, bomu la Wajerumani lilipowaangukia. Mwanawe, naye akiitwa John, alishika uenyekiti mwaka 1957 akiwa kijana, mtu wa ukarimu na mzaha, aliyejua, kuliko wenyeviti wengi wa zama zake na wa zama zetu, kwamba wajibu wake ni kumkirimu mgeni kwa kinywaji na kumwacha meneja afanye kazi yake.

Meneja huyo alikuwa Alfred Ramsey, mzaliwa wa Dagenham, aliyefika Agosti 1955, klabu ikiwa imetoka kushushwa tena Daraja la Tatu. Alikuwa beki wa kulia wa Southampton na Tottenham, ameichezea Uingereza mara 32, si mwenye mbio, bali mwenye kupima na kukadiria. Mambo mawili katika maisha yake ya uchezaji yafaa yakumbukwe na yeyote atakaye kuufahamu msimu tunaousimulia. La kwanza, alikuwamo katika Tottenham iliyopanda daraja mwaka 1950 na kuwa bingwa mwaka 1951, hivyo aliujua ugeni wa daraja la juu kuwa si lazima uwe udhaifu. La pili, alikuwamo uwanjani Wembley mwezi wa Novemba 1953, Hungary ilipowafunga Waingereza 6-3 mbele ya halaiki yao wenyewe, kwa sababu mshambuliaji wa kati wa Hungary, Nándor Hidegkuti, alikataa kukaa mahali anapotazamiwa mshambuliaji wa kati, akarudi nyuma, na walinzi wa Uingereza wakabaki wakiulizana kwa macho nani amfuate. Anayelitazama fumbo hilo kisha akatazama lile ambalo Ramsey aliwapa mabeki wa Uingereza miaka minane baadaye hatapata tabu kuona nasaba yake.

Akapanda kwa utaratibu: bingwa wa Daraja la Tatu Kusini mwaka 1957, bingwa wa Daraja la Pili mwaka 1961. Fedha hazikuwapo. Kikosi kizima kiligharimu kiasi cha pauni 30,000, na ununuzi mkubwa wa kiangazi cha 1961 ulikuwa wa Doug Moran kutoka Falkirk kwa pauni 12,300; na mwezi wa Desemba mwaka huo Tottenham, waliokuwa wametoka kutwaa ligi na kombe kwa pamoja, walimnunua Jimmy Greaves peke yake kwa pauni 99,999, ile pauni moja ikiachwa makusudi ili kijana asiitwe mtu wa laki moja. Kadhalika, mwezi wa Januari 1961 ilikuwa imefutwa ile sheria ya zamani iliyozuia mshahara wa mchezaji usipite pauni 20 kwa juma, na Fulham wakampa nahodha wao Johnny Haynes pauni 100. Ilidhaniwa, tena kwa haki, kwamba tangu hapo mambo yangekuwa ya wenye mifuko.

Ramsey aliwatumia watu walioonekana kwa wengine kuwa wamekwisha au hawajafika. Ray Crawford alitoka Portsmouth. Ted Phillips alikuwa kijana wa Suffolk mwenye shuti ambalo makipa waliliogopa bila ya kuona haya. Nyuma yao walikuwapo Roy Bailey langoni, Larry Carberry na John Compton, nahodha Andy Nelson, Billy Baxter, na John Elsworthy, Mwelisi mrefu. Lakini ufunguo wa yote ulikuwa mikononi, au tuseme miguuni, mwa Jimmy Leadbetter, Mskoti wa Edinburgh, mwembamba wa kiwiliwili, mwenye umri wa miaka 33 na sura iliyoudai umri mkubwa zaidi. Winga wa kushoto wa zama zile alitazamiwa asimame penye chaki karibu na kona ya adui, ampite beki wake kwa kasi na kupiga krosi. Leadbetter hakuwa na kasi. Basi Ramsey alimrudisha nyuma karibu na katikati ya uwanja, mahali pasipo na mtu wa kumlinda, na hapo ndipo beki wa kulia wa upande wa pili alipopatwa na mashaka: akimfuata, aliacha mgongoni pake uwanja mtupu ambao Phillips au Crawford aliuingia, akibaki, alimwacha Leadbetter na mpira na wasaa wa kutazama, na Leadbetter akipata kutazama, pasi yake ndefu ya mshazari ilikuwa imekwisha kufika ilikotumwa. Upande wa kulia Roy Stephenson alifanya kazi ya winga kwa namna iliyozoeleka zaidi, na Moran alishona pande zote mbili.

Mwanzo haukuashiria neno. Tarehe 19 Agosti 1961 walitoka sare na Bolton bila ya bao, kisha wakafungwa na Burnley 4-3, kisha, katika uwanja wao wenyewe wa Portman Road, na Manchester City. Juma lilipotimia Burnley wale wale wakaja Portman Road, wakapigwa 6-2. Tangu hapo klabu kubwa zilikuja moja moja na fikra ya kwamba zinakwenda shamba, zikarudi zimefungwa, na magazeti yakaeleza habari hizo kama ajali. Mwezi wa Oktoba Tottenham walifungwa 3-2. Novemba Crawford aliitwa timu ya taifa, mchezaji wa kwanza wa Ipswich kupata heshima hiyo. Mwezi wa Machi Tottenham wakafungwa tena, safari hii katika uwanja wao wa White Hart Lane, 3-1. Kusema kweli ajali inayotokea kwa kila mgeni na kwa njia ile ile haistahili jina hilo. Ila BBC haikuanza kipindi chake cha kuonyesha mechi za ligi, Match of the Day, hadi Agosti 1964, na klabu iliyotaka kujua Ipswich wanacheza vipi ilibidi imtume mtu akatazame, au ingoje kufundishwa uwanjani.

Hata hivyo hawakuwa malaika: Aprili walifungwa 5-0 na Manchester United. Waliokuwa mbele kwa sehemu kubwa ya msimu walikuwa Burnley, timu nzuri kwa macho na yenye mabao 101, lakini Burnley walichoka, wakashinda mchezo mmoja tu katika kumi ya mwisho. Siku ya mwisho, tarehe 28 Aprili 1962, Crawford aliifunga Aston Villa mabao mawili katika kipindi cha pili, na kule Burnley wenyeji wakatoka sare 1-1 na Chelsea, waliokuwa mkiani. Ipswich pointi 56, Burnley 53, Tottenham 52. Crawford alikuwa na mabao 33 ya ligi na Phillips 28. Husimuliwa kwamba umati ulipokwisha kutawanyika, Ramsey, mtu ambaye uso wake haukuwa mwepesi kutoa siri, alivua koti akakimbia peke yake kuuzunguka uwanja, akitazamwa na John Cobbold tu. Na msimulizi akiwa ni Cobbold, kila mtu aamue mwenyewe kiasi cha chumvi kilichotiwa.

Mwezi wa Agosti Tottenham walikuja Portman Road kugombea Ngao ya Hisani. Meneja wao, Bill Nicholson, alikuwa amecheza pamoja na Ramsey katika timu ya 1951, na fumbo alikuwa amelifumbua: mabeki wake waliingia ndani kuwalinda Crawford na Phillips, na mawinga wakaachiwa watu wa kiungo. Matokeo yalikuwa 5-1, na wengine wote waliokuwa na macho waliona. Katika Kombe la Ulaya, ambako ugeni wao ulikuwa bado mpya, Ipswich waliifunga Floriana ya Malta 4-1 na 10-0, wakafungwa 3-0 Milan, wakawafunga Wamilani hao 2-1 nyumbani, na Milan ndio waliochukua kombe lenyewe. Katika ligi walimaliza wa 17. Ramsey, aliyekwisha kuteuliwa kuiongoza Uingereza, aliondoka; mwaka 1966 akaipa nchi yake Kombe la Dunia kwa timu ambayo mwishowe haikuwa na mawinga kabisa. Aliyemrithi, Jackie Milburn, alirithi wazee. Siku moja baada ya Krismasi ya 1963 Fulham waliwafunga 10-1, na msimu ulipokwisha Ipswich walikuwa wa mwisho, wamefungwa mabao 121.

Walirudi mwaka 1968, na chini ya Bobby Robson wakatwaa Kombe la FA mwaka 1978 na Kombe la UEFA mwaka 1981, timu ambayo wenye kujua huihesabu kuwa bora kuliko ile ya Ramsey, nami sibishani nao. Lakini katika ligi Robson aliishia nafasi ya pili mwaka 1981 na tena mwaka 1982, na taji la 1962 limebaki peke yake kabatini. Mwaka 2024, chini ya Kieran McKenna, klabu ilirudi daraja la juu baada ya miaka 22, imepanda mara mbili mfululizo, ikatumia zaidi ya pauni milioni mia kununua wachezaji, nayo ikaingia katika ligi ambamo kila hatua ya kila mchezaji wake ilikuwa imekwisha kupigwa picha, kupimwa na kuwekwa mezani kwa wapinzani kabla ya kufika kwake. Ushindi wake wa kwanza ulichelewa hadi mwezi wa Novemba, nao ukapatikana, kama ilivyokuwa desturi, kwa Tottenham, 2-1 nyumbani kwao. Baada ya huo ikashinda mara tatu tu, ikashuka na pointi 22.