Rangi au Nyeusi na Nyeupe katika Picha za Mandhari

Katika upigaji picha za mandhari, yaani picha ambazo kiini chake ni sura ya nchi kama vile milima, misitu, maji na anga, uchaguzi kati ya rangi na nyeusi na nyeupe ni uamuzi kuhusu kile kitakachotenganisha kitu na kitu ndani ya picha. Picha ya rangi hutenganisha vitu kwa rangi zenyewe na pia kwa wingi wa mwanga ambao kila rangi huakisi, ilhali picha ya nyeusi na nyeupe hubakiwa na njia hiyo ya pili tu, inayoonekana kama ngazi za kijivu kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili. Ndiyo maana maua mekundu yaliyotapakaa kwenye nyasi za kijani, ambayo jicho huyaona kutoka mbali, yaweza kutoweka yakigeuzwa kijivu, iwapo maua na nyasi vinaakisi mwanga kwa kiasi kinacholingana.

Kwa miongo mingi wapigapicha hawakuwa na uchaguzi huo. Chumvi za fedha zilizopakwa kwenye mabamba ya karne ya 19 ziliitikia zaidi mwanga wa buluu, hivyo muda uliotosha kuionyesha nchi kavu uliiacha anga ikiwa nyeupe tupu isiyo na wingu, na Mfaransa Gustave Le Gray, katika baadhi ya picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857, alilazimika kuunganisha negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya maji. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba kutia dawa za rangi katika chumvi hizo huzifanya ziitikie pia mwanga wa kijani, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakapatikana mabamba yanayoitikia rangi zote. Mabamba ya rangi ya ndugu Lumière, yaliyotumia chembe za wanga wa viazi, yaliingia sokoni mwaka 1907. Filamu ya Kodachrome ilifuata mwaka 1935.

Uwezo wa nyeusi na nyeupe kama lugha kamili, wala si upungufu wa rangi, unaonekana wazi katika picha ya jabali la Half Dome ambayo mpigapicha Ansel Adams aliipiga tarehe 10 Aprili 1927 katika hifadhi ya Yosemite, Marekani. Alipotumia kichujio cha njano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, alitambua kwamba anga ingetoka kijivu cha kawaida na jabali lingekosa uzito aliouhisi akiwa mbele yake. Kwa bamba la mwisho alilobakiwa nalo akaweka kichujio chekundu, ambacho huzuia mwanga wa buluu, na anga ikatoka karibu nyeusi nyuma ya jiwe linalong'aa. Hakuna jicho lililoiona anga hiyo siku ile, lakini picha ni ya kweli kwa ukubwa wa mahali penyewe, na mabadiliko kama hayo yangefanywa katika rangi yangeonekana kuwa uongo.

Hata hivyo yako mandhari ambayo habari yake yote imo katika rangi. Mpigapicha Eliot Porter, daktari aliyeacha kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliingia katika rangi kwa sababu mchapishaji alimweleza kwamba bila rangi ndege aliowapiga picha hawangetambulika vyema, kisha akahamishia nidhamu hiyo kwenye misitu. Shirika la uhifadhi wa mazingira la Sierra Club, ambalo mwaka 1960 lilikuwa limetoa kitabu cha picha za nyeusi na nyeupe za Adams na wenzake, mwaka 1962 lilitoa kitabu cha Porter cha picha za rangi, na majani yake yanayopukutika, mekundu na ya njano juu ya mawe yenye kuvu, yangebaki vurugu ya kijivu kama yangenyimwa rangi.

Kamera nyingi za kidijitali hufunika kila nukta ya kitambuzi chake cha mwanga kwa kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak uliopata hataza mwaka 1976, na hivyo faili ya rangi hubeba ndani yake picha nyingi za kijivu, kwa kuwa programu huweza kuififisha buluu peke yake au kuing'arisha nyekundu, kama kilivyofanya kichujio cha Adams. Urahisi huo umezaa tabia mbaya ya kuifanya nyeusi na nyeupe hospitali ya picha za rangi zilizoharibika, ilhali mwanga bapa wa saa sita mchana hauponi kwa kuondolewa rangi. Mara nyingi udhaifu wake huzidi kujitokeza. Uamuzi bora hufanywa papo hapo, mpigapicha akiwa bado anaitazama nchi, kwa kupima iwapo kinachomvuta ni umbo, kivuli na mkwaruzo wa mawe, au ni rangi yenyewe. Kamera ya Leica M Monochrom, iliyotolewa mwaka 2012 bila vichujio vya rangi kwenye kitambuzi chake, humlazimisha mwenye nayo kufanya uamuzi huo kabla hajatoka nyumbani, kwa sababu haiwezi kupiga picha ya rangi hata moja.