Jengo la mbao juu ya kitako cha zege

Jengo la mbao juu ya kitako cha zege ni jengo la ghorofa ambalo sehemu yake ya chini ni zege lenye nondo, na juu yake zimepandishwa ghorofa kadhaa, mara nyingi nne au tano, za fremu za mbao. Chini huwa maduka na maegesho ya magari. Juu huishi watu. Majengo haya yameenea Marekani, ikiwemo miji ya pwani ya magharibi, ambako tetemeko la ardhi hutarajiwa wakati wowote.

Mbao ni nyepesi na hunepa. Zege ni zito na halipindi kwa urahisi. Kanuni ya ujenzi ya Marekani, ASCE 7, humruhusu mhandisi kuzikokotoa sehemu hizi kama majengo mawili yaliyobebana, iwapo ugumu wa kitako haupungui mara 10 ya ugumu wa sehemu ya juu, na muda wa mtikisiko mmoja wa jengo zima hauzidi mara 1.1 ya ule wa sehemu ya juu peke yake. Hapo mbao huhesabiwa kana kwamba zimesimama ardhini. Lakini nguvu zake zinaposhushwa kwenye kitako huongezwa. Kuta za mbao zilizopigiliwa plaiwudi zina kigawo R, yaani namba inayogawa nguvu ya tetemeko katika hesabu, cha 6.5, maana huaminiwa kunyumbuka sana. Kuta maalumu za zege zina 5. Mengine yakilingana, nguvu huzidishwa kwa 6.5 gawanya kwa 5, yaani 1.3.

Kunyumbuka huko kumo hasa kwenye misumari. Ukuta ukisukumwa, misumari iliyoshika plaiwudi hupinda na kumeza nguvu ya tetemeko kabla mbao hazijavunjika. Wakati huohuo ncha moja ya ukuta hutaka kunyanyuka, kwa hiyo vyuma virefu huishika kuanzia juu hadi kwenye slabu ya kitako. Mbao zikikauka husinyaa na nati zikalegea, ndiyo maana hufungwa vikazio vinavyojikaza vyenyewe. Vyuma hivyo vinaposhikwa na slabu panahitaji macho makali kuliko penginepo: bolti ya kuvishika iliyokaa pembeni ya mstari wake wakati zege linamwagwa haisogezwi tena. Tena kuta nyingi za juu hazina ukuta chini yake, kwa kuwa magari yanahitaji nafasi. Slabu hulazimika kuwa nene, na nguzo zinazobeba kuta hizo hupimwa kwa nguvu kubwa zaidi.

Jengo hili lisichanganywe na lile lenye ghorofa dhaifu ya chini. Northridge Meadows, Los Angeles, lilikuwa la mbao tangu chini, na maegesho yake yalikuwa na nguzo nyembamba na kuta chache. Tetemeko la tarehe 17 Januari 1994 liliilaza ghorofa ya chini, wakafa watu 16. Mwaka 2015 jiji hilo liliamuru majengo ya mbao ya namna hiyo, yaliyoombewa vibali kabla ya 1978, yaimarishwe.