Posa ya Usiku Mmoja



Zipo riwaya nyingi za mapenzi zinazosimulia Uingereza ya miaka 1811 hadi 1820, Mwanamfalme George alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, Mfalme George wa Tatu. Kichekesho chake hujulikana: binti anatafutiwa mume, naye hataki. Mama anahangaika, wageni wanaalikwa, dansi inachezwa, na binti anazidi kutunga visingizio. Nasi tunacheka. Hata hivyo, historia yatuonyesha kwamba nyuma ya kicheko hicho palikuwa na hofu ya kweli.

Tumtazame Jane Austen, ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyokuwa kielelezo cha riwaya hizo. Tarehe 2 Desemba 1802, akiwa mgeni katika nyumba ya Manydown, mkoani Hampshire, aliposwa na Harris Bigg-Wither, ndugu wa rafiki zake. Harris alikuwa na miaka 21, tena mrithi wa mashamba makubwa. Jane alikaribia kutimiza 27. Jane akakubali. Kulipokucha akaikataa posa ile, akaondoka upesi pamoja na dada yake Cassandra.

Tusilione jambo hilo kuwa dogo. Nyakati zile urithi kwa kawaida ulimwendea mwana wa kiume, na binti wa tabaka lake hakuwa na kazi ya heshima isipokuwa kufundisha watoto wa matajiri kwa ujira mdogo. Aliyeolewa naye, mali yake ilikuwa chini ya mumewe kisheria, na hadi 1857 talaka kamili ilihitaji sheria ya Bunge. Basi aliyekubali hakuwa na njia rahisi ya kurudi, na aliyekataa hakuwa na uhakika wa riziki.

Jane aliulipa uamuzi wake. Baba yake alifariki Januari 1805, na yeye, mama yake na Cassandra wakawa wanahamahama kwa msaada wa kaka zake, hadi 1809 Edward alipowapa nyumba kijijini Chawton. Humo alikamilisha riwaya zake. Ya kwanza ilichapishwa 1811. Harris naye hakufa kwa majonzi: alioa 1804, akajaliwa watoto 10!

Hata ikulu mambo yalikuwa hayo hayo. Mwanamfalme George alimwoa Caroline mwaka 1795 ili madeni yake yalipwe, wakatengana upesi. Binti yao Charlotte, alipochumbiwa na Mwanamfalme wa Orange, aliuvunja uchumba huo mwaka 1814 licha ya hasira ya baba yake. Mwaka 1816 aliolewa na Leopold, aliyempenda.

Ndugu zetu, mbele ya altare tunawauliza wachumba kama wamekuja kwa hiari yao, bila kulazimishwa. Swali hilo si mapambo ya ibada. “Ndiyo” ina uzito pale tu ambapo “hapana” ingeweza kusemwa na kusikilizwa. Wazazi, tuwape watoto wetu usiku wa kutafakari, na asubuhi tukubali jibu lao.