Mafungunyota Makubwa: Kuzaliwa na Kudumu

Kiswahili hutofautisha kundinyota na fungunyota. Nyota za kundinyota hukaribiana machoni petu tu. Zile za fungunyota zimezaliwa pamoja na hushikwa na uvutano wao wenyewe. Kilimia, kinachojulikana sana na wakulima, ni fungunyota. Tofauti hiyo yatufaa hapa, kwani historia tunayoisimulia ni ya mshikamano.

Kwa muda mrefu mafungunyota ya umbo la tufe yalihesabiwa kuwa masalia. Galaksi yetu inayo yapatayo 150, mengi yakiwa na umri uzidio miaka bilioni 10. Ilidhaniwa kwamba mfano wake hauzaliwi tena.

Mwaka 1985 Arp na Sandage walichunguza madoa mawili yang'aayo mno katika NGC 1569, galaksi ndogo inayozalisha nyota kwa mfumuko. Je, ni nyota, au ni mafungunyota machanga? Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, ilituonyesha kuwa ni mafungunyota. Mwaka 1995 Whitmore na Schweizer walihesabu zaidi ya 700 katika galaksi mbili zinazogongana, NGC 4038 na 4039. Mwaka uliofuata Ho na Filippenko walipima doa moja la NGC 1569: uzito wake ulikaribia majua 300,000. Masalia, basi, yalikuwa na wadogo zake.

Galaksi zinapogongana, gesi husongwa kwa shinikizo kubwa, na wingu zima hugeuka nyota kwa muda mfupi. Lakini kuzaliwa si kudumu. Nyota nzito huipeperusha gesi iliyosalia kwa mnururisho na upepo wake, kisha hulipuka baada ya miaka milioni chache. Ikiwa sehemu kubwa ya uzito ilikuwa bado gesi, uvutano hulegea na nyota hutawanyika. Charles na Elizabeth Lada walikadiria mwaka 2003 kwamba, katika ujirani wa Jua, chini ya asilimia 10 ya mafungunyota hufikia hata umri wa Kilimia. Yanayosalia huendelea kupunguzwa na mvuto wa galaksi yenyewe.

Kwa hiyo twaona ni haraka mno kuyaita yote ya NGC 4038 matufe ya kesho. Uzito husaidia, lakini hautoi dhamana. Ushahidi ulio karibu zaidi na chimbuko ulitangazwa mwaka 2024 na Angela Adamo na wenzake, kwa darubini ya James Webb: mafungunyota matano, yakionekana kama yalivyokuwa miaka milioni 460 baada ya mwanzo wa ulimwengu. Yalikuwa machanga bado, na tayari yameshikamana.