Kidole, Njuga na King'ora: Mvuvi Alivyojua Samaki Ameuma

Masimulizi ya Usambara yanamkumbuka mwindaji kuliko mvuvi. Mbegha, anayetajwa kuwa chimbuko la ukoo wa Wakilindi, aliingia milimani na mbwa wake, akawinda nguruwe mwitu na kuwagawia Washambaa nyama. Wavuvi walikuwa chini: kwenye bonde la Mto Pangani, Mkomazi na Lwengera, na mbele zaidi kwenye pwani ya Tanga. Huko chini ndiko lilikoulizwa sana swali ambalo kila mvuvi wa ndoano duniani amewahi kujiuliza akiwa gizani: je, kuna samaki, au ni mkondo tu unaovuta?

Pwani, jibu limekaa kwenye kidole. Mvuvi wa mshipi akishateremsha ndoano hadi chubwi iguse chini, huukaza mshipi kidogo, akaupitisha juu ya kidole cha shahada na kuushika kwa gumba. Hapo tena haangalii kitu. Mawimbi yakiinua ngarawa, mshipi huvutika polepole na kulegea polepole, na kidole kinajua kwamba ile ni bahari. Tasi akidonoa chambo, mshipi hutetema haraka haraka kisha hunyamaza. Chewa hana mchezo huo. Anameza na kurudi mwambani, na mshipi unakwenda kwa uzito mmoja kama uliofungwa kwenye jiwe. Anayevua changu usiku hujifunza pia kutovuta mapema. Ujuzi huu haufundishwi kwa maneno. Mtoto hupewa mshipi akaambiwa asikilize.

Si kila uvuvi unadai usikivu. Mwenye mgono mtoni, mwenye dema baharini, na anayelaza dhulumati yenye ndoano nyingi, hana haja ya kujua saa aliyoingia samaki. Yeye hutega, akaenda zake, akarudi asubuhi. Wala trauti waliopandikizwa na Wazungu kwenye vijito vya baridi hawakuhitaji kifaa cha kupiga kelele. Kenya walianza mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai kutoka Scotland na kuyapeleka Mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye samaki hao wakaonekana hata kwenye kijito cha Mkuzu, nje kidogo ya Lushoto. Anayemvua trauti kwa chambo cha manyoya hushika fimbo mkononi muda wote na kuukodolea macho mshipi. Samaki akiuma, ameuma mkononi mwake.

King'ora kilizaliwa kwingine, kwenye mabwawa ya Uingereza, kwa sababu ya samaki mmoja mzito na mwenye hadhari: kapi. Kapi mkubwa hula usiku, na huenda asiguse chambo kwa siku kadhaa. Hakuna kidole cha kungoja hivyo. Wazee wa kule walianza kwa kubandika kidonge cha mkate kwenye mshipi ili kikipanda waone, au kuning'iniza njuga kwenye ncha ya fimbo. Lakini macho huchoka, na njuga hulia kwa upepo pia.

Aliyelibeba tatizo hili kwa uzito ni Richard Walker, mhandisi aliyekuwa ameshughulika na mambo ya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akitumia kifaa cha kujitengenezea. Mshipi uliegemea mkono mwembamba wa chuma. Samaki akivuta, mkono unasogea, ncha mbili zinagusana, umeme wa betri unapita, na sauti inalia. Tarehe 13 Septemba 1952, katika bwawa la Redmire, Herefordshire, kifaa hicho kilimwita gizani, naye akamtoa kapi wa pauni 44, yaani kilo 20 hivi. Samaki huyo alipelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London, watu wakamwita Clarissa. Rekodi yake ilidumu hadi 1980, Chris Yates alipovua wa pauni 51 na nusu katika bwawa lilelile, kwa chambo cha mahindi.

Wazo hilo lilifika madukani kwa jina la Heron, kazi ya Jack Froment. Kichwa chake kilichomekwa ukingoni, waya ukatambaa hadi kwenye kisanduku cha betri kando ya mvuvi. Walioshika vifaa hivyo hukumbuka zaidi usumbufu wake: ncha zilizoshika kutu kwa umande, waya uliokwaa mguuni, upepo uliowaamsha bure. Wanausimulia kwa upendo, na mimi naona ni haki yao, maana walikuwa wakikitengeneza chombo huku wakikitumia.

Miaka ya 1970 ikaleta Optonic, na hapa ufundi ulipiga hatua ya kweli. Mshipi ulipita juu ya gurudumu dogo. Gurudumu likizunguka, mapanga yake hukata mwali wa taa ndani ya kisanduku, na kila mwali ukikatwa sauti hulia mara moja. Mlio sasa ulikuwa na habari ndani yake: mmoja mmoja wenye kusitasita ni samaki anayechezea chambo, ukiungana ukawa mfululizo, ameshaondoka nacho. Mvuvi aliyelala alisoma yale yale ambayo mvuvi wa Tanga huyasoma kidoleni. Ndiyo maana sauti ile haijawatoka masikioni, na visanduku hivyo vikuukuu bado vinatafutwa na kutengenezwa upya.

Miaka ile ile Walker akihangaika na betri, chini ya Usambara kulikuwa na mabwawa pia. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe, sambamba na Malya mkoani Mwanza, na mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe akaeleza kisayansi aina ya perege anayebeba jina la mji huo, Oreochromis korogwe. Bwawa la Korogwe lilichimbwa kwa ajili ya kitoweo. Lilivuliwa kwa nyavu, kwa ajili ya nyumba zenye watoto, na hakuna aliyekesha akimngoja samaki mmoja. Hata kapi alipojitokeza katika Ziwa Naivasha mwaka 2001, akaja kulitawala soko la huko, Wakenya walimpokea kwa nyavu.

Waingereza wameandika habari za vile visanduku hadi rangi ya waya. Kidole cha mvuvi wa Pangani na Tanga kinastahili kuandikwa kwa uangalifu huo huo: changu anavyouma maji yakiwa yamejaa na yakiwa yanatoka, kambare anavyouma mto ukiwa na tope, mshipi wa pamba ulivyosema tofauti na wa nailoni. Waliovua kwa pamba wamebaki wachache sana, na wa kuwauliza kwanza ni wao.