Mbu Muheza, maabara Amani

Sisi wa Muheza tulikua tukiona magari ya Amani yakishuka milimani kuja kutafuta mbu. Huku chini, kwenye mkonge na michungwa, malaria haikumbagua mtu. Kule juu, kwenye baridi na mashamba ya chai, ndiko walikoishi wenye kuichunguza. Baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwa vibarua waliolipwa kukesha wakiwa wamekunja suruali hadi magotini, tochi mkononi, kumnasa kila mbu aliyetua mguuni kabla hajashiba. Sijawahi kuona jina la kibarua yeyote wa kazi ile kwenye maandishi ya kitaalamu niliyosoma.

Amani haikuchaguliwa kwa sababu ya mbu. Wajerumani walijenga pale taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902, Waingereza wakairithi, na utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, Kenya, majengo yakabaki yakitafuta mwenyewe. Wakati huo Donald Bagster Wilson, daktari wa Kiingereza, alikuwa na kitengo chake cha malaria Ubwari, hapa hapa Muheza, tangu 1949. Akapandishwa mlimani. Basi ndivyo taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki ilivyokwenda kukaa mahali pa ubaridi, na mbu wake wakabaki bondeni.

Wilson ninamheshimu kwa ukaidi wake. Mwaka 1950, kwenye mkutano wa malaria uliofanyika Kampala, wengi walitaka dawa ipulizwe Afrika nzima. Yeye na wenzake wachache walionya kwamba mtu mzima wa pwani ana kinga aliyoilipia kwa homa za utotoni. Ukimwondolea malaria kwa miaka michache kisha dawa ikasimama, umemwacha mtupu. Hata hivyo, ni taasisi yake iliyosimamia jaribio la Pare na Taveta, lililovuka mpaka wa Tanganyika na Kenya. Nyumba zilipulizwa dieldrin kuanzia 1955 hadi 1959. Malaria ilipungua sana, watoto wachanga wakafa wachache zaidi, lakini ugonjwa haukutokomea. Upulizaji ulipokoma, ukaanza kurudi.

Ubwari nako kazi iliendelea. Mick Gillies na T. J. Wilkes walipasua mbu chini ya hadubini, wakisoma kwenye ovari alama za mitago iliyopita, na kwa alama hizo wakakadiria umri wake. Kimelea cha malaria huhitaji siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, kwa hiyo mbu kijana hana madhara. Wa kuogopwa ni mzee. Matokeo yao yalichapishwa 1965.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na kila nchi ikabaki na majengo yaliyokuwa kwenye ardhi yake. Uganda ilibaki na maabara ya virusi ya Entebbe. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI. Bunge letu likapitisha Sheria namba 23 ya mwaka 1979 kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo ikaanza kazi mwaka uliofuata chini ya Wen Kilama, mtaalamu wa malaria. Makao makuu yakawa Dar es Salaam, lakini vituo vingine vilikuwa vya kurithi. Mwanza ilikuja na kichocho cha wavuvi na wakulima wa kando ya ziwa, Tabora na malale, Amani na malaria pamoja na matende na mabusha ya pwani. Ukitazama muundo wa NIMR unaona mkoloni aliogopa ugonjwa gani na mahali gani.

Miaka ya 1980 Muheza ilipata sifa tena. Chris Curtis kutoka London na watafiti wetu walijaribu vyandarua vilivyochovywa permethrin kwenye vibanda vya majaribio. Amani yenyewe ikazidi kupungukiwa na watu, na shughuli za kituo zikateremshwa Muheza. Ilichukua nusu karne maabara kuwafuata mbu.

Sheria ile iliipa taasisi kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: kusajili na kuratibu utafiti wote wa afya nchini. Atakaye kuchukua damu ya wanakijiji, awe mgeni au mwenyeji, huomba kwanza kibali cha maadili cha taifa. Nani wa kutangaza matokeo, hilo limekuwa gumu zaidi. Desemba 2016 mkurugenzi mkuu, Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, alitangaza kwamba utafiti umekuta dalili za maambukizi ya Zika kwa Watanzania. Serikali ikasema hakuna mlipuko, na Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1947 na ile maabara ya Entebbe, kwenye damu ya kima wa utafiti, wakati watafiti walipokuwa wakitafuta homa ya manjano.

Mwele alikuwa ameanza kazi Amani mwaka 1987, akichunguza matende na mabusha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilimpa uongozi wa idara ya magonjwa yaliyosahaulika, huko Geneva, na matende na mabusha yamo kwenye orodha yake.